Sufuria Nambari Kumi na Mbili

Waniuliza, Nyevu, mie nilisomea wapi.
Hapa hapa Changamwe, juu ya kigoda hiki,
mgongo kwenye mabati, miguu kwenye jivu.

Zamani sikuhitaji saa.
Lori la kwanza likipiga honi, natia mchele;
la kumi likipita, wali umekauka,
madereva wanavuta benchi, utingo wananawa.
Sufuria nambari kumi na mbili,
ile yenye masikio mapana,
haikuwahi kulala na kitu ndani.

Kisha reli mpya ikaanza kubeba makontena.
Reli sikuiona. Niliuona ukoko.
Siku ya kwanza nikasema ni mvua.
Wiki ya pili nikasema ni mwisho wa mwezi.
Mwezi wa tatu kuku wa jirani
walikuwa wamenenepa kwa wali wangu,
nikaacha kuutafutia jina.

Usidhani nilijua la kufanya.
Nilipika biriani, nikifikiri wamekinai pilau;
ikanidodea mpaka ikachacha.
Nikakopa kwa simu, nikanunua mapazia ya mitumba.
Ndiyo hayo uyaonayo kwangu,
kila dirisha, hadi mlango wa choo.

Usiku mmoja nikashika daftari la madeni,
si kudai, kusoma:
nani alikopa, siku gani, sahani nzima au nusu.
Nikamwona Karisa wa bodaboda,
miaka miwili hajakalia benchi langu.
Alikula wima, helmeti kichwani,
jicho barabarani kama paka na mfuko wa samaki.
Nikawaona wasichana wa kiwanda cha nguo:
wakopa tarehe ishirini, walipa tarehe tano,
na katikati waulizia kitu cha kumi, mama,
huna kitu cha kumi?

Makontena yalikwenda.
Njaa haikupanda treni.

Basi nikapika kinacholiwa wima.
Viazi karai, vitatu kwa ishirini,
vya manjano, ndani ya karatasi,
ukwaju kwenye kifuko kilichopigwa fundo.
Mafuta nikayapima kwa kikombe cha kahawa.
Wali nikauachia Ijumaa, sufuria nambari sita.

Unga ulipopanda wakaniambia,
"Mishi, mahamri yako yamekonda."
Nikawajibu, "Na mie je, hamnioni?"
Tukacheka, wakanunua.
Nazi ilipopanda sikuwa na la kuchekesha.
Nilifanya jambo, nakuambia wewe tu:
mbaazi nikazipikia tui la pili tupu,
kasimele nikapeleka kwa mwenye kulipa zaidi.
Hakuna aliyegomba.
Walinyamaza, wakaanza kupitia upande ule.
Siku nne.
Ya tano nikarudisha kasimele, nikaongeza shilingi tano,
na bei ya nazi nikaiandika kwa chaki mlangoni,
nayo ninaibadilisha kila asubuhi, ikipanda, ikishuka.
Karisa alinitukana mpaka akaishiwa.
Kisha akaagiza mbili.

Sasa wataka kufungua ng'ambo ya barabara.
Sikukatazi, barabara si ya babangu.
Ila viazi vina mwenyewe.
Wewe amka saa kumi na moja, usipike chochote,
simama tu pale wanapotokea walinzi wa zamu ya usiku,
macho mekundu, mikono kwapani,
na hakuna hata mmoja wao mwenye kikombe.
Chai sijui kuipika. Hunishinda, hutoka maji.

Ile sufuria kubwa bado iko uvunguni.
Huikodisha kwa wenye harusi, mia tatu kwa siku,
masizi wasugue wenyewe.
Wewe leta mia mbili kwa wiki, ulipe Ijumaa.
Si zawadi, usinishukuru.
Nipe jina lako lote, na la babako,
nikuandike daftarini,
nianze kukusoma.